Kado au Gato

Direkta Kimeli alipenda kuwaambia wazazi kwamba Janefer Gesare ndiye mwalimu pekee wa Kifaransa kutoka Chepilat hadi Sotik. Labda ilikuwa kweli, labda haikuwa, lakini wazazi waliitikia kwa vichwa na kuleta watoto. Shule yenyewe ilikuwa ya binafsi, madarasa tisa ya mabati yaliyopakwa rangi ya samawati, imezungukwa na majani chai pande tatu, na upande wa nne barabara ikiteremka kwenda sokoni. Wakipsigis walisomesha watoto pale, Wakisii walisomesha watoto pale, na mpaka wa kaunti ulikuwa karibu kiasi kwamba mtoto akiupiga mpira vibaya, wenzake humwambia ameutuma Nyamira.

Alhamisi moja ya muhula wa kwanza, baada ya mapumziko ya saa nne, Mwalimu Obure aliingia Gredi ya Tano na simu yake, akasimama kando ya dirisha. Obure alifundisha kompyuta, na ndiye aliyepewa kazi ya kupiga video za ukurasa wa shule ili watu waone jinsi watoto wanavyosoma.

"Endelea tu, madam," alisema. "Mimi jifanyeni hamnioni."

Somo la siku hiyo lilikuwa sherehe ya kuzaliwa. Janefer alikuwa ameandika ubaoni maneno mawili, *cadeau* na *gâteau*, yaani zawadi na keki. La kwanza husomwa kado, la pili gato. Kwa mtoto wa Kipsigis, k na g ni majirani wanaoingiliana bila kubisha hodi, na t na d ni vivyo hivyo. Janefer alilijua hilo kabla hajashika chaki. Baadaye, alipokuwa akijihukumu, alikuwa akianzia hapo: kwamba aliyaandika maneno yale pamoja makusudi, akijua ni nani atakayejikwaa.

Akamwita Chepkurui, binti wa Bethwel. Alimwita kwa sababu ndiye aliyenyoosha mkono kuliko wote, amesimama nusu, kiti kimebaki nyuma. Mtoto huyo alikipenda Kifaransa kuliko mwalimu wake alivyokipenda. Mama yake, Sally, alikuwa amemwambia Janefer kwenye mkutano wa wazazi kwamba siku hizi ng'ombe wa pale nyumbani wanahesabiwa kwa Kifaransa wakiingia zizini, na kwamba ndama mmoja ameitwa Trois, yaani Tatu.

Chepkurui akasimama wima, akasema sentensi nzima bila kusita: ana zawadi ya mama. Lakini neno la zawadi lilitoka likiwa si kado wala si gato.

"Ngoja," Janefer akasema. "Umemletea mama zawadi, ama umemletea keki?"

"Zawadi, madam."

"Mimi nimesikia keki. *Répète.*"

Chepkurui akarudia. Safari hii likatoka gado.

"Sasa ni keki iliyofungwa kama zawadi. *Répète.*"

Darasa likacheka, na Chepkurui akacheka pamoja nao, maana alidhani mzaha ni wa wote. Akarudia mara ya tatu. Akarudia mara ya nne, kwa sauti zaidi, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Ndipo Janefer akajishika kiuno na kusema, "Maskini mama! Amekaa hapo mezani hajui afungue ama ale!" Na yeye mwenyewe akaangua kicheko, kile kinachotoka tumboni, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye chaki.

Hapo Chepkurui akaacha kucheka. Akatazama wenzake, akamtazama mwalimu, akakaa chini bila kuambiwa.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda Janefer angeyasahau kufikia Jumapili. Lakini saa kumi, kwenye chumba cha walimu, alimwomba Obure amtumie ile video ajitazame anavyofundisha, na Obure akamtumia. Janefer akaikata, akabakisha sekunde ishirini na nne. Alikuwa na kikundi cha WhatsApp cha wanawake watano, yeye na wenzake wanne waliosoma naye Kifaransa chuoni Nairobi. Wale wanne walikuwa wepesi wa maneno na wakali wa utani, na kila mara Janefer alipoandika jambo kwenye kikundi kile alikuwa akingoja kwa wasiwasi kuona kama watajibu. Akaituma video, akaandika chini yake: "Oneni kazi ninayofanya huku kwa Wakipsigis."

Wakajibu wote wanne ndani ya dakika moja. "Weh, nimekufa!" aliandika Bochaberi, anayefundisha mjini Kisii. "Tuma ingine!"

Janefer aliiweka simu mezani akitabasamu. Hilo pia alilikumbuka baadaye, kwamba alitabasamu, na kwamba aliteremka kilima siku hiyo akiwa mwepesi kama mtu aliyepata barua nzuri.

Jumamosi alikwenda sokoni Chepilat kununua ndizi. Alikuwa ameinama akichagua, aliposikia sauti yake mwenyewe nyuma yake ikisema, "*Répète.*" Akageuka. Vijana wawili wa boda walikuwa wameegemea pikipiki zao, simu katikati yao. Sauti yake ikasema tena, "Maskini mama!" kisha kicheko chake kikasikika, na vijana wakacheka nacho. Juu ya picha mtu alikuwa ameandika kwa herufi nyeupe: WAKIPSIGIS NA KIFARANSA. Uso wa Chepkurui ulionekana wazi, hadi pengo la jino.

Mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa pale karibu akaomba aone kinachochekesha. Wakampa simu. Aliitazama video yote, akawarudishia, kisha akaanza kufunika mitungi yake mmoja mmoja ijapokuwa maziwa hayakuwa yamekwisha.

Janefer aliacha ndizi. Kando ya duka la mbolea alimpigia Bochaberi.

"Uliipeleka wapi?"

"Nani, mimi? Niliweka tu kwa status, Jane. Na imeshatoka yenyewe."

"Ifute."

"Nifute wapi sasa? Watu walishachukua. Kwani hukuituma tucheke?"

Jumatatu kiti cha Chepkurui kilikuwa kitupu. Saa tatu baba yake akafika, Bethwel, mkulima wa majani chai na ng'ombe watatu, amevaa koti la kanisani na gambuti zenye tope. Hakupiga kelele. Alimwonyesha Direkta Kimeli simu, akamweleza kwamba jana, wakitoka kanisani, mtoto wake aliitwa "Gato" mara saba, na kwamba yeye alihesabu. Kengele ikapigwa na walimu wote wakaitwa ofisini.

Kimeli alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Siku hiyo sauti ilikuwa chini zaidi.

"Hapa ni mpakani," alisema. "Kila mtu humu anakumbuka miaka ambayo hatukuweza kununuliana hata chumvi. Nimejenga hii shule ili watoto wetu na watoto wenu wakae dawati moja. Sasa mtu ameweka mtoto wa watu kwa simu achekwe, na ameandika kabila lake juu. Nataka kujua ni nani."

Macho yake yakatua kwa mwalimu wa kompyuta.

"Obure, wewe ndiye ulichukua hii video."

"Ndiyo, Direkta. Nilichukua."

"Ilitoka kwa simu yako?"

"Ilitoka mara moja."

"Ilienda kwa nani?"

Obure aliinua macho akamtazama Janefer. Haikuwa kwa muda mrefu, pengine kama mtu anavyosubiri mwenzake apite mlangoni kwanza. Janefer alihisi ulimi wake umelala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Alijiambia kwamba atasema mara tu Kimeli atakapomaliza. Kwamba atasema Bethwel akiisha kuondoka. Kwamba jambo kama hili huelezwa vizuri zaidi watu wakiwa wawili. Akatazama kalenda iliyokuwa ukutani.

"Sikumbuki," Obure akasema.

"Hukumbuki!" Kimeli akapumua. "Basi nenda nyumbani mpaka ukumbuke. Bodi itakaa."

Kisha akamgeukia Janefer, na lililofuata lilikuwa baya kuliko lawama yoyote. "Na madam Janefer, pole sana. Kwenye somo mwalimu anaweza kutania watoto kidogo, ni kawaida. Wamechukua kazi yako wakaifanya matusi. Baba Chepkurui, huyu madam ni mtu safi, nakuambia mimi mwenyewe."

Bethwel akaja akampa mkono. Janefer akaupokea.

Wiki ile Gredi ya Tano ilibadilika. Janefer alisema *répétez* kama kawaida, na hakuna aliyerudia. Hawakuwa watukutu; waliketi wima, kalamu mkononi, midomo imefungwa. Watoto wa Kipsigis walinyamaza kwanza, kisha wa Kisii wakanyamaza nao, iwe kwa woga au kwa kuwaunga mkono, Janefer hakujua. Alipomlazimisha mmoja, msichana anayeitwa Joan, mtoto akamwambia kwa adabu, "Madam, sisi tutakuwa tunaandika tu." Basi wakaandika. Kipindi kizima sauti iliyosikika ni ya kalamu, na ya wachumaji chai wakiitana nje kwenye mistari.

Jumamosi alikata shauri kwenda kwa akina Chepkurui kusema ukweli. Alipita katikati ya majani chai akipanga maneno. Alipofika, Sally alimpokea kwa mikono miwili, akamwita nyanya wa nyumba, ambaye wao humwita kogo, aje amwone mwalimu. Wakamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Chai ikaletwa, na mkate uliokatwa vipande vinene.

"Kogo anasema pole," Sally akatafsiri. "Anasema hata wewe wamekuaibisha. Sauti yako iko kwa masimu ya watu kama mlevi."

"Chepkurui yuko wapi?" Janefer akauliza.

"Yuko huko nyuma na ndama. Hawezi kuja, madam, usione vibaya. Hata dukani siku hizi anaonyesha kwa kidole. Akitaka sukari anaonyesha sukari. Hata Kikipsigis chetu, mgeni akiingia, ananyamaza." Sally akajaribu kucheka. "Na alikuwa redio!"

Janefer akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Maneno yote yalikuwa tayari, yamejipanga kichwani. Akafungua mdomo, akasema chai ni nzuri.

"Tunampeleka Sigor kwa shangazi yake," Sally akaendelea. "Kuna shule huko. Hawamjui."

"Mapema hivyo?"

"Akingoja, atangoja nini?"

Alipoondoka, kogo alimfuata hadi getini na chupa ya maziwa, akamtia mkononi, akaukunja mkono wa Janefer juu ya chupa kwa vidole vyake vigumu. Janefer alibeba chupa ile maili mbili. Alipofika nyumbani aliiweka mezani, akaitazama mpaka jioni, na Jumapili maziwa yakaganda bila kuguswa. Hakuweza kuyanywa na hakuweza kuyamwaga. Jumatatu akayapeleka kwa jirani, akamdanganya kwamba yeye maziwa humsumbua tumbo. Akawaza njiani kwamba sasa anadanganya hata juu ya maziwa.

Ikafika Jumatano. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Obure afukuzwe. Janefer aliingia Gredi ya Tano, akaandika sentensi tatu ubaoni, akawaomba kwa upole, karibu kwa kuwasihi, wasome pamoja naye, hata kwa kunong'ona. Mokaya, mvulana wa Kikisii aliyekuwa akikaa karibu na Chepkurui, akanyoosha mkono.

"Madam, tukisoma utatupiga video?"

"Sitawapiga video. Kwani mimi ndiye niliyepiga? Si mimi, ni Mwalimu O—"

Akakomea hapo. Macho thelathini na mawili yalikuwa yakimtazama, na dawati moja lenye nafasi. Jina la Obure lilikuwa limefika kwenye meno. Kunyamaza alikuwa amejizoeza; angeweza kunyamaza mwaka mzima na kujiita mwoga tu. Lakini hili lilikuwa jambo jingine. Alikuwa anataka kuwapa watoto jina la mtu asiye na hatia walishike na kwenda nalo nyumbani.

"Andikeni hizo sentensi," alisema. "Narudi."

Hakurudi kipindi kile. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akamkuta Kimeli akipiga muhuri fomu za usajili, akabaki amesimama.

"Direkta, ile video niliituma mimi. Obure alinitumia nijitazame. Nikaikata, nikaituma kwa marafiki zangu ili wacheke. Yale maandishi ya juu si yangu, lakini niliandika mengine yanayofanana nayo."

Kimeli aliweka muhuri chini taratibu.

"Lini ulijua imefika sokoni?"

"Jumamosi. Kabla ya ule mkutano."

"Kwa hivyo nilipokuwa nakuambia pole, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukachukua mkono wa Bethwel."

Kimeli hakupandisha sauti. "Ungekuja siku ile ningekutetea. Ningesema ni mzaha wa kijinga, na mimi pia nimewahi kufanya mzaha wa kijinga. Lakini siku tisa, madam! Umemwacha mwenzako siku tisa anaitwa adui wa watu, na mimi nimekwenda nyumba kwa nyumba nikiapa kwa jina lako." Akasimama akachukua koti. "Twende. Hayo uliyoniambia mimi utayasema kwa wenyewe."

Walimkuta Bethwel ametoka kupeleka majani kituoni, anaosha gambuti bombani. Wakaingia ndani: Bethwel, Sally, kogo, Kimeli na yeye. Safari hii hakuna aliyeweka chai. Janefer akasema yote, tangu ubaoni mpaka ndizi alizoziacha sokoni. Sally alikuwa akimtafsiria kogo kwa sauti ya chini, na alipofika mahali fulani akaacha kutafsiri, akaweka kiganja mdomoni. Kogo akamgusa goti aendelee.

Bethwel aliuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unacheka nini?"

Janefer alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Kwa swali hili likatoka jibu la kweli.

"Mimi nikienda chuo nilikuwa siwezi kusema l," alisema. "Kwetu Kisii hatuna. Nilikuwa nasema *ra tabre* badala ya *la table*, yaani meza. Walikuwa wananiita Tabre. Mwaka mzima. Nilikuwa naamka mapema naenda nyuma ya bweni nafanya mazoezi na kalamu katikati ya meno. Hao niliowatumia video ya Chepkurui ndio walionicheka. Nilitaka..." Akatafuta neno. "Nilitaka siku moja tucheke pamoja. Wao na mimi, upande mmoja."

Sally akatafsiri. Kogo akamtazama Janefer kwa makini, kama anayejaribu kusoma maandishi madogo, kisha akasema maneno machache.

"Anasema, basi ulikuwa unajua vile inauma," Sally akasema. "Hajauliza. Anasema tu."

"Nilikuwa najua," Janefer akajibu.

Bethwel akatoka nje, wakamsikia akimwita mtoto. Chepkurui akaja, akasimama mlangoni, bega limeegemea mwimo, amevaa sketi ya shule na sweta ya kaka yake. Hakuna aliyemlazimisha aingie. Janefer akashuka kwenye kiti, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa, akamwambia kwa Kiswahili rahisi: kwamba yeye ndiye aliyeituma ile video na si Mwalimu Obure; kwamba alimcheka darasani na lilikuwa kosa; kwamba akamcheka tena mbele ya watu asiowajua na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi; kwamba anaomba msamaha na si lazima apewe.

Chepkurui alikwaruza mwimo kwa ukucha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaitumia sauti yake siku nyingi, "Madam, mimi naisikia ni moja."

"Nini ni moja?"

"Hayo maneno mawili. Ulikuwa unasema nirudie, mimi nilikuwa narudia vile ulisema. Nilikuwa nasikia umesema kitu kimoja mara mbili. Nikafikiri unacheka kwa sababu nimesema vizuri."

Janefer akabaki amechuchumaa. Miaka minne alikuwa amefundisha watoto wa pale, na siku zote alidhani hawatilii maanani, kwamba tofauti ya sauti wanaisikia, ila ulimi ndio mvivu. Hakuwahi kumwuliza hata mmoja anasikia nini. Angemwuliza siku ile Alhamisi, angechukua dakika mbili: weka kiganja kwenye koo, sema hili, sasa sema lile, unahisi hapa panatetemeka? Dakika mbili tu.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Nilipaswa kukuonyesha. Ukirudi nitakuonyesha."

"Nitaenda Sigor," Chepkurui akasema, akageuka akarudi kwa ndama.

Na akaenda kweli, Jumapili ile ile, amepakiwa kwenye gari la mjomba pamoja na godoro lake.

Obure alikuwa amerudishwa kazini kesho ya Jumatano ile. Alhamisi hiyo mchana walikutana kwenye chumba cha walimu, wengine wakiwa uwanjani. Janefer akamwomba msamaha, akamwuliza kwa nini hakusema jina lake siku ile.

"Nilikuona usoni nikajua utasema mwenyewe," Obure akajibu. "Nikasema, wacha nimpe mpaka saa sita. Halafu nikasema mpaka kesho. Mimi nilikuwa nakungoja, madam. Mke wangu akaniuliza kama ni kweli nilifanya. Mke wangu! Mama yangu akapiga simu kutoka Keroka akilia. Siku tisa." Akavuta kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa meza. "Si ati nitakuchukia. Lakini kukusalimia, nitakaa kidogo kwanza."

Bodi ilikaa. Wazazi wengine walitaka Janefer aondoke siku ile ile, Wakisii kwa Wakipsigis, na katika hilo angalau walikubaliana. Mwishowe ni Bethwel aliyesimama akasema amalize mwaka, kwa sababu amekiri mwenyewe, lakini asifundishe Kifaransa. Kipindi cha Kifaransa kikapewa kilimo. Janefer akapelekwa Gredi ya Pili kufundisha kusoma, na huko akawa akiketi na mtoto mmoja mmoja, akimwuliza anasikia nini. Alikuwa amejitoa kwenye kikundi cha WhatsApp. Bochaberi alimpigia mara mbili, hakupokea. Lakini hakuweza kumlaumu Bochaberi, na hilo lilimchosha, maana ingekuwa rahisi kumlaumu.

Video ile ikafifia sokoni. Vijana walipata za kuchekesha zaidi. Hata hivyo, kila mara simu ya mtu ilipotoa kicheko cha mwanamke, Janefer aligeuka.

Muhula wa pili, mwezi wa sita, Sally alimpigia simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Baada ya salamu fupi akasema, "Chepkurui anataka kitabu chake."

"Kitabu gani?"

"Cha Kifaransa. Cha kuandikia. Kilibaki shuleni."

"Huko Sigor kuna Kifaransa?"

"Hakuna."

Janefer alitamani sana kuuliza: anaongea sasa? Ananitaja? Amenisamehe? "Basi anakitakia nini?" akauliza mwishowe.

"Anasema ni chake," Sally akajibu.

Alikikuta kabatini, chini ya madaftari mengine, kimefunikwa kwa karatasi ya kalenda. Akakaa nacho kwenye dawati. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeandikwa siku ya mwisho aliyokuwa darasani na hazikuwa zimesahihishwa. Zaidi ya sentensi tano alizowapa, Chepkurui alikuwa ameongeza zake kumi na moja, kuhusu kogo, na mvua, na ng'ombe anayepiga teke. Kulikuwa na makosa. Janefer alitoa kalamu nyekundu, akaifungua, akaishika kwa muda juu ya mstari wa kwanza. Halafu akaifunga, akairudisha mfukoni, akakiacha kitabu kama kilivyokuwa.

Jioni alimfuata Bethwel kwenye kituo cha kununulia majani. Foleni ilikuwa ndefu na kijimvua kilikuwa kimeanza. Bethwel alimwona akija, akasogea nje ya foleni hatua moja. Janefer akampa kitabu kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa anakitaka."

"Ndiyo." Bethwel akakiangalia jalada, akafungua koti, akakiweka ndani upande wa kifuani kisilowe, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. "Nitampelekea Jumapili."

"Umwambie..." Janefer akaanza.

Bethwel akangoja kwa heshima. Nyuma yake karani akaita jina lake, magunia yake yalikuwa yamefika kwenye mizani.

"Umwambie sikuandika kitu ndani," Janefer akasema.

"Nitamwambia," Bethwel akasema, akarudi kupimisha majani yake.